Somo la Historia: Zahanati ya Wanyama wa Maskini

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kila mmoja anayo kalamu na daftari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni majina haya matatu kabla hatujaanza: London, Whitechapel, Maria Dickin. Na wewe usomaye somo hili peke yako nyumbani, yaandike katika daftari lako, kwa sababu tutayakuta mara nyingi.

Wazee wetu walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Basi mtu mwenye akili atauliza: Ikiwa shukrani ya punda ni mateke, kwa nini mtu amtibu punda wa mwenzake bila kulipwa hata senti moja? Tena, kwa nini amtibu paka au mbwa, hali katika mtaa ule ule wamo watoto wasiopata chakula cha kutosha? Swali hili si la mzaha. Kila mtu afunguaye hospitali ya wanyama mahali penye watu maskini lazima awe na jibu lake. Leo tutasoma habari za mama mmoja aliyelijibu kwa vitendo, na habari za ugomvi uliozuka kwa sababu ya kazi yake. Sikiliza ugomvi huo kwa makini, kwa maana ndani yake ndimo lilimo fundisho letu.

Mtaa wa Whitechapel

Habari zetu zinaanza mwaka 1917, katika mji wa London, mji mkuu wa Uingereza. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, ilikuwa bado inapiganwa. Vijana wengi walikuwa vitani Ufaransa. Chakula kilikuwa adimu na bei zilipanda. Mwaka huo huo wa 1917 ndege za Wajerumani ziliangusha mabomu juu ya London mchana kweupe.

Upande wa mashariki wa mji huo uko mtaa uitwao Whitechapel. Siku hizo walikaa humo makuli wa bandarini, washona nguo, wachuuzi wa samaki na mboga, na Wayahudi wengi waliokuwa wamehamia kutoka Urusi na Poland. Nyumba zilisongamana. Aghalabu watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, walilala katika chumba kimoja au viwili.

Watu hawa walikuwa na wanyama wao. Usidhani kwamba wanyama hao walikuwa pambo tu. Mchuuzi alikuwa na punda wa kuvuta mkokoteni wake. Punda akichechemea, biashara ya siku ile imekwisha. Wengine walifuga kuku kwa ajili ya mayai, au mbuzi kwa ajili ya maziwa, au sungura kwa ajili ya kitoweo. Paka alilinda chakula kisiliwe na panya. Mbwa alilinda mlango. Na kwa mzee aliyeishi peke yake, au mama ambaye mwanawe alikuwa vitani, mnyama yule alikuwa ndiye mwenzake wa kuzungumza naye jioni.

Mnyama wa namna hii alipougua, mwenyewe angefanya nini? Waganga wa wanyama walikuwapo. Chuo cha kuwafundisha kilikuwa kimefunguliwa London tangu mwaka 1791. Lakini mganga aliyesoma hulipwa ada, na kazi yao kubwa siku zile ilikuwa kutibu farasi na ng'ombe, yaani wanyama wenye thamani kubwa. Chama kimoja cha huruma kilikuwa kimefungua hospitali ya wanyama mwaka 1906 katika mtaa wa Victoria, lakini Victoria iko upande wa pili wa mji. Mtu wa Whitechapel mwenye paka mgonjwa mkononi angefikaje huko, na kazi ya siku ile angemwachia nani?

Basi wengi walingoja tu. Wengine walijaribu dawa za kubahatisha. Mbwa wenye upele walizunguka vichochoroni, na paka waliovunjika miguu walijikokota kutafuta makombo katika taka.

Mama aliyeshindwa kupita bila kutazama

Maria Dickin alizaliwa London mwaka 1870. Baba yake alikuwa mhubiri, na yeye alikuwa mkubwa katika watoto wanane. Fedha nyumbani hazikuwa nyingi, kwa hiyo alipokuwa msichana alifanya kazi ya kufundisha watu kutumia sauti zao katika kuimba na kusema. Mwaka 1899 aliolewa. Mumewe alikuwa mhasibu, na maisha yao yalikuwa mazuri. Angaliweza kukaa nyumbani kwa raha.

Lakini Bibi Dickin alikuwa na desturi ya kwenda kuwatazama watu maskini wa upande wa mashariki wa mji. Alikwenda kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya wanyama. Huko ndiko alikowaona wanyama hao wanaoteseka, naye alishangaa kwamba hakuwa ameyajua mateso hayo. Kisha akaona jambo la pili: wenye wanyama hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu wasio na fedha.

Weka alama katika daftari lako mahali hapa. Watu wengine wangalisema, "Watu hawa hawapendi wanyama wao, na wafundishwe, au na washtakiwe." Bibi Dickin alisema kwamba dawa ya shida hii ni zahanati, tena ya bure.

Alitafuta chumba. Hatimaye alipata chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa Whitechapel. Tarehe 17 Novemba, 1917, zahanati ilifunguliwa. Tangazo la mlangoni liliwaambia watu walete wanyama wao wagonjwa, wasiwaache wateseke. Kwamba wanyama wa kila aina watatibiwa. Na kwamba matibabu yote ni bure. Lilikuwa tangazo fupi, lenye maneno mepesi, ambalo hata mtu aliyejifunza kusoma juzi angaliweza kulifahamu.

Watu walikuja. Walikuja na punda, na mbwa, na paka katika vikapu, na ndege katika vitundu. Walikuwa wengi mpaka, baada ya muda mfupi, chumba kile hakikutosha, ikalazimu kutafuta mahali pakubwa zaidi. Chama kilipewa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita Zahanati ya Watu kwa Wanyama Wagonjwa wa Maskini. Hata leo hujulikana kwa herufi nne: P.D.S.A.

Wale wasioweza kufika hawakusahauliwa. Katika miaka ile ya mwanzo gari lenye kibanda, la kuvutwa na farasi, liligeuzwa kuwa zahanati ya kutembea. Lilikwenda mitaani na katika miji mingine likiwa na dawa na bendeji. Baadaye yakaja magari ya mota. Mwaka 1928 hospitali kubwa ilifunguliwa Ilford, mashariki ya London, ambako mnyama aliyeugua sana aliweza kulazwa.

Ugomvi kati ya huruma na elimu

Sasa tumefika kwenye ugomvi niliokutajia. Waliotibu wanyama katika zahanati za Bibi Dickin, wengi wao hawakuwa na shahada ya uganga wa wanyama. Walikuwa wamefundishwa na chama chenyewe. Sheria ya siku zile, iliyotungwa mwaka 1881, ilimkataza mtu asiye na shahada kujiita mganga wa wanyama, lakini haikumkataza kuwatibu.

Waganga wenye shahada walikasirika. Walisema: "Sisi tumesoma miaka mingi. Mtu asiyejua ugonjwa aweza kumwumiza mnyama kuliko ugonjwa wenyewe. Tena, wako watu wenye fedha wanaojitia umaskini ili watibiwe bure, na sisi tunakosa riziki."

Watu wa zahanati nao walijibu: "Tulipofungua mlango wetu, mlikuwa wapi? Mnyama wa maskini alikuwa hatibiwi na mtu. Je, ni afadhali afe bila tiba kwa sababu mwenye shahada hayupo?"

Ndugu msomaji, ungaliwaamua namna gani? Usiharakishe. Fikiri mfano huu. Mbwa analetwa akiwa ameacha mdomo wazi, mate yanamtoka, hawezi kumeza. Mtu mwenye huruma lakini asiye na elimu atasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa," naye atautia mkono wake kinywani mwa mbwa amsaidie. Lakini dalili hizo pia ni dalili za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hupita katika mate, na mtu akikwisha kuonyesha dalili zake, karibu kila mara hufa. Huu si mfano wa kubuni tu. Uingereza ilikuwa imeufuta ugonjwa huo mwaka 1902, lakini ulirudi mwaka 1918, wakati zahanati ya Whitechapel ilikuwa bado changa, na haukufutwa tena mpaka mwaka 1922.

Kwa hiyo waganga walikuwa na haki: huruma isiyo na elimu ina hatari. Lakini watu wa zahanati nao walikuwa na haki: elimu iliyofungiwa nyuma ya ada haimfai maskini.

Ugomvi huu uliendelea kwa miaka mingi, mpaka Bunge la Uingereza likaingia kati. Sheria ya mwaka 1948 ilisema kwamba kazi ya kutibu wanyama ni ya watu walioandikishwa. Hata hivyo haikuwatupa watu waliokuwa wameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wazoefu walipewa njia ya kuandikishwa katika orodha ya pembeni. Kisha zikatungwa sheria mbili juu ya chama chenyewe, moja mwaka 1949 na nyingine mwaka 1956. Hizo zilieleza wazi kwamba kazi yake ni kutibu wanyama wa watu wasioweza kulipa ada. Mwenye fedha akamlipe mganga wake.

Tazama jinsi shauri lilivyokatwa. Waganga walipata walichodai, yaani mnyama atibiwe na mtu mwenye ujuzi. Zahanati ilipata ilichodai, yaani maskini asifukuzwe mlangoni. Leo katika mahospitali ya chama hicho, ambayo ni zaidi ya 40 katika Uingereza, wanaotibu ni waganga wenye shahada, wakisaidiwa na wauguzi wa wanyama. Nao wameajiriwa na chama kile kile kilichogombana na wakubwa wao.

Fedha hutoka wapi? Hutoka katika michango ya watu, katika urithi ulioachwa na waliofariki, na katika maduka yauzayo vitu vilivyokwisha tumika. Ni kweli methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Vita ya pili, na nishani

Septemba 1939 Vita Kuu ya Pili ilipoanza, hofu iliingia London. Watu waliogopa mabomu na upungufu wa chakula. Katika majuma ya kwanza wenye mbwa na paka waliwapeleka kuuawa bila maumivu, na hesabu yao ilikuwa mamia ya maelfu. Wengi walizikwa katika kiwanja cha chama hicho kule Ilford. Ilikuwa kazi ya huzuni kwa watu waliozoea kuponya.

Baadaye mabomu yakaanguka kweli. Watu wa zahanati walitoka kutafuta wanyama waliofukiwa na vifusi vya nyumba. Mkubwa wa kikosi kimoja alikuwa na mbwa wake mdogo, jike, jina lake Beauty. Hakuna aliyemfundisha. Alimfuata bwana wake kazini, akaanza kufukua mwenyewe. Kwa jumla alisaidia kupatikana kwa wanyama 63.

Mwaka 1943 Bibi Dickin alianzisha nishani ya shaba kwa wanyama waliofanya kazi ya ushujaa vitani. Wa kwanza kuipata, Desemba 1943, walikuwa njiwa watatu. Mmoja wao, Winkie, alikuwa katika ndege ya vita iliyoanguka baharini Februari 1942. Aliruka umbali wa maili zipatazo 120 mpaka nyumbani kwake, akafika amechoka, mabawa yamechafuka kwa mafuta. Kwa kuja kwake watu walijua pa kuwatafuta wanaanga, nao wakaokolewa. Tangu mwaka 1943 mpaka 1949 nishani hiyo ilitolewa mara 54: njiwa 32, mbwa 18, farasi 3 na paka mmoja. Beauty naye aliipata, mwaka 1945.

Bibi Dickin alifariki mwaka 1951. Lakini kazi yake haikufa.

Kutoka London mpaka Morogoro

Labda unasema, "Hizi ni habari za Wazungu na mbwa wao. Zinatuhusu nini sisi?" Subiri kidogo. Mwaka 2002 chama hicho kilianza kutoa nishani nyingine, ya dhahabu, kwa wanyama wafanyao kazi ya ushujaa isiyo ya vita. Mwezi wa Septemba, 2020, nishani hiyo alipewa mzaliwa wa Tanzania. Jina lake Magawa, naye alikuwa panya buku.

Magawa alizaliwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika liitwalo APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya huyo ni mwepesi, hawezi kulilipua bomu kwa kulikanyaga. Akisikia harufu hukwaruza ardhi, na malipo yake ni kipande cha ndizi au karanga. Mwaka 2016 Magawa alipelekwa Kambodia, nchi yenye mabomu mengi yaliyobaki tangu vita vya zamani, ambako watu wengi wamekatika miguu wakilima. Mpaka alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71, na baruti nyingine 38 zisizolipuka. Alikufa Januari 2022, umri wake miaka minane.

Mwaka 1917 watu wa Whitechapel walileta paka wao watibiwe ili wawakamate panya. Miaka 103 baadaye chama kile kile kilimvisha panya nishani. Ndivyo historia inavyogeuza mambo.

Tena kuna jambo linalotuhusu zaidi. Kichaa cha mbwa, tulichokitaja katika mfano wetu, bado kiko katika Afrika Mashariki. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameumwa na mbwa. Yapata watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto. Lakini njia ya kukizuia inajulikana: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tangu mwaka 2003 wataalamu wamekuwa wakichanja mbwa bure katika vijiji vinavyozunguka mbuga ya Serengeti. Mwanakijiji hufunga mbwa wake kamba, akampeleka, akarudi na cheti. Mbwa amechomwa sindano, lakini aliyeokolewa ni mtoto wa jirani.

Basi hapo tumepata jibu la swali letu la kwanza. Mnyama mgonjwa wa maskini si mzigo wa mnyama peke yake. Punda akipona, mchuuzi amepata riziki. Mbwa akichanjwa, kijiji kizima kimelindwa. Na mtu akitoa huduma hiyo bila malipo, ni lazima aitoe kwa ujuzi, maana asiyelipa anastahili kutibiwa vizuri sawa na anayelipa. Huruma ilifungua mlango ule wa Whitechapel, lakini elimu ndiyo iliyoufanya mlango wenyewe uwe salama kuingia.

Na punda akikupiga teke baada ya kumtibu? Msamehe. Hakujua kusoma tangazo.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Taja faida tatu walizopata watu wa Whitechapel kwa wanyama wao. Wewe unapata faida gani kwa wanyama wako?

2. Waganga wenye shahada walidai nini? Watu wa zahanati walijibu nini? Gawanyikeni makundi mawili, kila kundi litetee upande mmoja.

3. Kwa nini ni hatari kutia mkono kinywani mwa mbwa anayetokwa mate na asiyeweza kumeza?

4. Katika kijiji au mtaa wenu, mbwa huchanjwa lini na wapi? Asiyejua na amwulize Bwana au Bibi Mifugo kabla ya somo lijalo, ayaandike majibu katika daftari.

5. Andika tangazo fupi, la maneno yasiyozidi 20, la kuwaita watu walete mbwa wao wachanjwe. Tumia maneno mepesi, kama lile tangazo la Whitechapel.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.